Kamera ya Nyumbani na Kamera ya Kazi

Mtu aingiapo dukani kutafuta kamera ya video, jambo la kwanza aulizwalo na muuzaji ni kiasi cha fedha alichonacho. Na swali hilo, ingawa si baya, huja kabla ya wakati wake, kwa kuwa fedha ina haki ya kukata shauri la mwisho tu, baada ya mambo mengine kwisha kupimwa. Swali linalostahili kutangulia ni hili: siku ya kazi nani atakayeamua, wewe au kamera? Kamera ya nyumbani imeundwa kwa ajili ya mtu asiyetaka kuamua. Hupima mwanga yenyewe, hutafuta fokasi yenyewe, hupandisha na kushusha sauti yenyewe, huchagua rangi yenyewe, na mwenye kuishika hana kazi ila kubonyeza kitufe chekundu na kuielekeza atakako. Kamera ya kazi imeundwa kwa ajili ya mtu mwenye amri. Kila jambo katika hayo niliyoyataja lina swichi yake, au pete yake, au kigurudumu chake, mahali ambapo kidole hufika bila ya jicho kubanduka kwenye picha. Nayo hukaa ikingoja kuambiwa. Kwa hiyo sitakuambia kwamba moja ni bora na nyingine ni duni. Kamera tiifu mikononi mwa mtu asiye na amri ya kuipa hutoa picha mbaya kuliko kamera ndogo ijiamuliayo, na wapo watu wenye nia njema walioingia deni kwa ajili ya mashine kubwa, kisha wakaitumia mwaka mzima swichi yake ikiwa imeelekea upande wa kujiendesha, ambapo robo ya fedha hiyo ingaliwapatia kazi ile ile.

Ikiwa haja yako ni kuweka kumbukumbu ya watoto wakikua, au ya mahafali ya mwanao, au ya safari ya kwenda kuwaona jamaa, basi somo hili kwako ni fupi: nunua kamera ya nyumbani, nyepesi, yenye lenzi inayovuta mbali kwa vioo vyake vyenyewe wala si kwa kuikuza picha kwa hesabu za kompyuta, na fedha itakayobaki uinunulie stendi na betri ya pili. Mwalimu anayerekodi masomo yake naye yumo humo, kwa sharti moja la tundu la kipaza sauti nitakalolieleza mbele. Lakini nazungumza hasa na wewe uliyeazimia kula kwa jasho la kamera, na katika pwani yetu hii, kwa walio wengi, maana yake ni harusi. Harusi ni kazi isiyorudiwa. Mwigizaji wa filamu aweza kuambiwa aseme tena. Kadhi hawezi kuambiwa aozeshe tena kwa sababu kadi ilikuwa imejaa.

Ili uone jinsi mpaka baina ya aina hizi mbili ulivyo mwembamba upande wa picha, na jinsi ulivyo mpana upande mwingine, tazama walivyofanya Sony mwaka 2017. Walitoa kwa pamoja kamera tatu: FDR-AX700 kwa watu wa nyumbani, na HXR-NX80 na PXW-Z90 kwa watu wa kazi. Zote tatu zilikuwa na sensa ya aina moja ya inchi 1, na lenzi ya aina moja yenye kuvuta mara 12, na mwili wa umbo moja. Zilipotengana ni hapa: zile mbili za kazi zilikuja na mpini wa juu wenye matundu mawili ya XLR kwa ajili ya vipaza sauti, na Z90 ikaongezewa tundu la SDI la kupelekea picha kwenye mitambo ya televisheni, pamoja na uwezo wa kuhifadhi rangi kwa wingi zaidi kwa ajili ya mtu atakayekwenda kuzirekebisha baadaye. Canon nao mwaka 2019 walifuata njia hiyo hiyo kwa HF G60 ya nyumbani na ndugu zake wa kazi, XA50 na XA55. Zingatia basi maana yake, ndugu msomaji. Watengenezaji wenyewe walipotaka kumtenga mtu wa kazi na mtu wa nyumbani hawakumpa jicho jingine. Walimpa masikio na milango.

Wala jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1983 Sony walipotoa Betamovie, kamera ya nyumbani iliyobeba ukanda ndani ya mwili wake badala ya kuufungia katika mashine nyingine ya kuning'inia begani, haikuweza hata kuonyesha ilichokwisha kukipiga. Ilimpasa mtu arudi nyumbani, autie ukanda katika mashine yake, ndipo aone. Miaka 12 baadaye, mwaka 1995, ikatoka DCR-VX1000 yenye sensa tatu na ukanda mdogo wa dijitali, ikauzwa kwa watu wa nyumbani, nao waandishi wa habari na watengenezaji wa filamu za kweli wakaichukua na kuifanyia kazi zao. Tangu hapo jina lililoandikwa juu ya boksi si dalili ya kutosha.

Anza, kwa hiyo, na masikio. Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipiga nikahi katika sebule ya nyumba moja kongwe, mwezi wa Machi, joto la kaskazi likiwa katika upeo wake, na pangaboi mbili zikizunguka juu ya vichwa vyetu. Kamera yangu ilikuwa ya nyumbani, haina tundu la kipaza sauti cha nje, na kipaza chake cha ndani kilikuwa hatua nne kutoka kwa bwana harusi. Picha ilitoka njema, nami niliiona njema hata nilipokuwa naipiga. Lakini pale mozesha aliponyamaza kumngoja kijana aitikie, kamera ilikiona kile kimya kuwa ni upungufu, ikajipandishia sauti kama ilivyofundishwa, na ilichokipandisha ni mvumo wa pangaboi. Na yule kijana, ambaye alikuwa na haya na sauti ndogo, alipotamka neno lake la kukubali, neno likazama humo. Mara kikapigwa kigelegele cha kwanza kutoka chumba cha ndani, nacho, kwa kuwa sauti ilikuwa imepandishwa mno, kikapasuka. Mama yake bwana harusi alikuwa huko ndani pamoja na wanawake wenziwe, hakulisikia neno la mwanawe kwa masikio yake, na alikuwa akiitegemea kamera imsikilizishe. Nilipompelekea kazi aliniomba mara mbili nirudishe nyuma. "Mwanangu, hapa ndipo aliposema?" Nikamjibu kwamba ndipo. Tangu siku ile sijapata kununua kamera kabla ya kutazama matundu yake.

Matundu hayo ni ya namna mbili. Kuna tundu dogo la milimita 3.5, ambalo kamera nyingi za nyumbani zinalo, ingawa zile rahisi kabisa hazina. Nalo latosha kwa kipaza kilichokaa juu ya kamera yenyewe au kwa kipokezi cha kipaza kisicho na waya. Udhaifu wake ni kuwa waya wake ukiwa mrefu huokota uvumi wa umeme njiani, na plagi yake huchomoka mtoto akiukwaa waya kwa mguu. Tundu la XLR lina pini tatu. Moja ni ya ardhi, na mbili zilizobaki zinabeba sauti moja, ila katika moja ya hizo sauti imepinduliwa juu chini. Ikifika ndani ya kamera hupinduliwa tena ili zote mbili zilingane, na uvumi ulioingia njiani, kwa kuwa uliziingia mbili zote kwa sura moja, hapo hujifuta wenyewe. Ndiyo sababu waya wa XLR wa mita 20 waweza kupita ukumbini sambamba na nyaya za taa na usilete kelele, na plagi yake hujifunga kwa kufuli. Tundu hilo laweza pia kupeleka volti 48 za kukiendesha kipaza kinachohitaji umeme, na pembeni yake pana swichi ambayo wengi huisahau: upande mmoja ni wa kipaza sauti, upande wa pili ni wa mashine. Ukipewa waya kutoka kwenye mikisa ya dijei au ya kikundi cha taarab, ipeleke swichi upande wa mashine. Ukiiacha upande wa kipaza, zumari na fidla zote zitaingia zimepasuka, na hakuna fundi wa kuzishona.

Katika vifaa vya sauti, chako cha kwanza kiwe kipaza kidogo cha kubana nguoni kisicho na waya, na ukiweza viwe viwili, kimoja cha bwana harusi na kimoja cha mozesha. Usikibane juu ya kanzu iliyotiwa wanga ikapigwa pasi, kwa maana kitambaa kikavu huchakarisha kila mtu anapopumua. Kibane kwenye ukosi wa koti au joho, kidole kimoja mbali na nguo iliyo chini yake. Kisha kuwe na kipaza kirefu cha kuelekeza, kikae juu ya kamera kwa ajili ya hoihoi za jumla, na kinasa sauti kidogo kinachojitegemea, ambacho utakiwasha na kukiweka mezani mbele ya wazee kabla ya shughuli kuanza, usikiguse tena mpaka mwisho. Hicho ni akiba ya siku ambayo vyote vingine vitakukhini. Na hedifoni za kuziba masikio uzivae tangu mwanzo hata mwisho, maana kazi ikienda mrama upande wa sauti, macho hayaoni kitu. Kamera isiyo na tundu la hedifoni naihesabu kuwa ya nyumbani hata ingekuwa na bei ya gari.

Jambo la pili ni mwanga, na mwanga wa kwetu humjaribu mpiga video kwa namna yake. Chukua mfano wa bwana harusi aliyesimama saa saba ya mchana mbele ya ukuta wa chokaa, kanzu yake nyeupe, kilemba chake cheupe, na uso wake mweusi katikati ya weupe huo wote. Kamera inayojiamulia hupima kadiri ya mwanga wa picha nzima na kuutaka uwe wa wastani. Ikiona weupe mwingi hupunguza, na matokeo yake kanzu huwa kama majivu na uso hubaki kivuli kisicho na macho. Ukumbini kwa wanawake hugeuka kinyume: buibui nyeusi zikijaa kwenye picha kamera huongeza mwanga, na shela la bibi harusi likaungua lisionekane hata uzi mmoja wa nakshi iliyochukua miezi kushonwa. Hapo ndipo amri yako inapohitajika. Kamera ya kazi, na baadhi ya zile za nyumbani zilizo bora, zina alama ya milia kama ya pundamilia, inayopita juu ya sehemu ya picha iliyofikia kiasi fulani cha mwangaza. Iweke kwenye 100, ndipo ikuonyeshe kitambaa kinachoungua, kisha ufungue mboni ya lenzi kwa ajili ya uso mpaka milia ianze kugusa mikunjo ya kanzu, usimame hapo. Utasoma katika vitabu vya mafunzo kwamba milia ya 70 ndiyo ya kupimia uso. Kipimo hicho kimezoeleka kwa ngozi nyeupe. Uso mweusi ukiusukuma kufika hapo utakuwa umeuondolea rangi yake na ung'avu wake, nami sioni sababu ya watu wetu kuonekana katika harusi zao kama waliopakwa unga.

Kwa kazi za nje, hususan ufukweni, tafuta kamera yenye vioo vya kupunguza mwanga ndani yake, vinavyoingia mbele ya sensa kwa kugeuza swichi, aghalabu cha robo, cha sehemu moja katika 16, na cha sehemu moja katika 64. Bila ya vioo hivyo, jua la mchana huilazimisha kamera ama iifinye mboni ya lenzi mpaka picha ikose makali, ama ikimbize shata hata mtu anayetembea aonekane akigutuka hatua kwa hatua. Kamera isiyo navyo huweza kusaidiwa kwa kioo cha kufungwa mbele ya lenzi, na bei yake si kubwa; lakini kukitoa na kukifunga tena kila maharusi waingiapo na kutoka kivulini ni taabu utakayoijutia.

Nitasema na neno juu ya kamera za kuletewa, kwa sababu wengi wetu tuna ndugu Marekani au Uarabuni, na zawadi ya ndugu haikataliwi. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda, kama ule wa Oman, huenda mizunguko 50 kwa sekunde. Ule wa Marekani huenda 60. Taa ndefu za tyubu na nyingi za LED hupepesa kwa kufuata mizunguko hiyo, upesi kuliko jicho linavyoweza kutambua, lakini kamera hutambua, na picha ikawa na mawimbi ya giza yanayopanda na kushuka ukutani. Dawa yake hapa kwetu ni kupiga fremu 25 au 50 kwa sekunde, na shata iwe 1/50 au 1/100. Kamera nyingi za nyumbani zilizouzwa Marekani hupiga fremu 30 au 60 tu, na hazina mahali pa kuzigeuza, ilhali nyingi za kazi hukubali kugeuzwa. Basi kabla ndugu yako hajalipa, mwombe afungue orodha ya kamera dukani hapo hapo na aone kama 50 imo. Ikiwa zawadi imekwisha kufika, usiitupe: shata yake uiweke kwenye 1/50 au 1/100 ikiwa inakubali kuwekwa kwa mkono, na mawimbi yatatulia.

Tarakimu zilizochapwa kwa herufi kubwa juu ya boksi hazistahili kukupotezea muda. Uvutaji wa mara 300 au 400 unaotajwa ni ule wa kukuza picha kwa hesabu, nao haukuongezei chochote ila ukungu; soma ule wa lenzi tu. Picha ya 4K ni nzuri, ila ukumbini penye taa hafifu sensa ya inchi 1 itakupa usiku ulio safi kuliko sensa ndogo ya 1/5.8 ya kamera rahisi, hata hiyo ndogo ingeandikwa tarakimu gani. Na ikiwa unatamani kamera ya picha za mnato inayopiga na video, kama vijana wengi sasa wafanyavyo kwa kuwa sura yake ni ya kuvutia, fahamu kwamba nyingi za miaka iliyopita huacha kurekodi zenyewe baada ya dakika 29 na sekunde 59. Hilo si kosa la ufundi. Ushuru wa forodha wa Ulaya uliihesabu mashine inayorekodi nusu saa au zaidi kuwa kamera ya video na kuitoza zaidi, na watengenezaji wakakwepa. Khutuba ya nikahi haijui ushuru wa Ulaya, wala mshehereshaji hatangoja ubonyeze tena. Simu nayo hupiga picha njema, lakini nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde zenyewe kwa kadiri ya mwanga, na wakati wa kuhariri sauti huachana na midomo kidogo kidogo mpaka aibu ikadhihirika.

Sasa vifaa. Nimewaona wanunuzi wakimaliza fedha yote kwenye kamera kisha wakaichukua stendi ya plastiki iliyo rahisi kuliko zote dukani, na picha zao zikatoka zinatetemeka kama zilizopigwa chomboni. Fedha yako ikiwa shilingi kumi, nakushauri kamera isipite tano. Mbili zende kwenye sauti, moja na nusu kwenye stendi, na iliyobaki kwenye betri, kadi na taa. Stendi ya kazi ni ile ambayo kichwa chake kimetiwa mafuta mazito ndani, ukiigeuza kamera ikafuata mwendo wa mkono wako polepole bila ya kushtuka, na ukiiacha ikasimama ilipo bila ya kuinama. Ijaribu dukani kamera ikiwa juu yake: mfuate kwa lenzi mtu anayepita barabarani, na ukiona picha inaruka anapoanza na anaposimama, rudisha.

Betri ziwe tatu, moja kazini, moja mfukoni, moja kwenye chaja, na ukinunua zisizo za mtengenezaji mwenyewe ununue moja kwanza uione inadumu muda gani. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba hubebwa mkononi wala hazipakiwi katika mizigo ya chini, na kila moja ikiwa haizidi watisaa 100 hutahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Kadi hupimwa kwa hesabu nyepesi: kamera ikirekodi megabiti 50 kwa sekunde, gawa kwa 8 upate megabaiti 6.25, zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, utapata gigabaiti 22.5, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 hukupa saa mbili na nusu na ushei, na ukipanda kufika megabiti 100 hukupa nusu ya hizo. Tafuta kadi yenye alama ya V30, maana yake haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde inapoandikwa. Kadi za bandia ni nyingi sokoni: huonyesha gigabaiti 128, na ndani mna 8, na ukizijaza hukubali bila ya kulalamika huku zikiyafuta yaliyotangulia. Kila kadi mpya ijaze tele kwa programu kama H2testw kabla ya kuiamini. Na ikiwa kamera ina nafasi mbili za kadi, ziweke zote mbili ziandike kitu kimoja kwa wakati mmoja. Katika fadhila zote za kamera ya kazi, hii ndiyo ninayoipenda kuliko nyingine.

Unyevu wa pwani hula lenzi. Kuvu huota katikati ya vioo kama utando wa buibui, na ikishaota, kuisafisha ni gharama karibu ya kununua nyingine. Weka kamera katika chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya maji, wala usiifungie ndani ya mfuko wa ngozi kabatini. Utokapo katika chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ipate joto taratibu, la sivyo lenzi itatoka jasho mbele ya wageni.

Nikumbushe pia shughuli za wanawake, ambako kamera hushikwa na mwanamke, na aghalabu kwa saa nyingi, mahali finyu penye watu waliovua buibui zao kwa sababu wanajua wako miongoni mwao. Dada yangu unayefanya kazi hiyo, kwako kamera ndogo ya kazi, ile ya kilo moja au pungufu yenye mpini wa kuvuliwa, inafaa kuliko ile ya kupakata begani, kwa kuwa huwapokonyi watu nafasi yao wala utulivu wao. Picha zile ni amana. Usizihariri katika kompyuta ya duka inayotumiwa na watu wengine, usizipakie katika hifadhi ya mtandaoni ambayo nenosiri lake limejulikana na wawili watatu, na kadi usiiazime kwa mtu hata baada ya kuifuta, kwa maana kilichofutwa kwa njia ya kawaida huweza kurudishwa na mtu mwenye programu ya kufanya hivyo. Tengeneza nakala mbili, uwakabidhi wenyewe, wapate kuzitazama na kuridhika, ndipo ufute.

Mwisho ni habari ya kamera iliyotumika, kwa kuwa ndiyo mlango ambao wengi wetu tumeingilia katika kazi, na kamera ya kazi yenye umri wa miaka mitano ikitunzwa vema hufaa kuliko ya nyumbani iliyotoka jana. Usiinunue jioni, wala usiinunue kwa haraka. Nenda na kadi yako, hedifoni zako, waya wa XLR na tochi. Katika orodha ya ndani ya kamera nyingi za kazi mna hesabu ya saa ilizowashwa, iulize kwanza. Ziba lenzi kwa mfuniko wake, pandisha nguvu ya mwanga mpaka mwisho, kisha tazama skrini: chembe zinazomemeta ni za kawaida, lakini nukta nyeupe iliyosimama mahali pamoja bila ya kutikisika ni alama ya sensa iliyojeruhiwa. Mulika lenzi kwa tochi kwa upande uone kama mna kuvu. Vuta mbali na rudisha mara kumi huku sikio lako likiwa karibu, ukiskiza kama vyuma vinakwaruza. Chomeka waya katika kila tundu la XLR, la kwanza na la pili, na useme maneno huku umevaa hedifoni, kwa sababu tundu moja aghalabu huwa limekufa na muuzaji hukuonyesha lililo hai. Rekodi kwa nusu saa nzima bila ya kuizima, ukae nayo hapo hapo dukani, unywe chai ikibidi, kisha uitazame video yote katika kompyuta. Ukiridhika, lipa, na uandikiwe stakabadhi yenye namba ya mashine kama ilivyo kwenye kibandiko kilicho chini ya kamera, tarakimu kwa tarakimu, huku kamera imepinduliwa mezani na nyote wawili mnaitazama.